Cheti cha daktari au daftari la mwalimu?

Mzazi wa Micheweni, Pemba, ambaye mtoto wake haoni vizuri ubaoni ana njia mbili za kuifanya skuli ielewe.

Cheti cha daktari wa macho kina uzito. Kina muhuri, kinataja jicho lipi na kwa kiasi gani, na mwalimu mkuu hana la kubisha. Thamani yake huonekana khasa mitihani ya taifa inapokaribia: Baraza la Mitihani la Tanzania humwongezea mtahiniwa asiyeona au mwenye uoni hafifu dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa kila saa ya masomo mengine, na mwenye uoni hafifu huandaliwa karatasi ya maandishi makubwa. Lakini kukipata ni safari: Chake Chake, wakati mwengine boti mpaka Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja. Na ukikisoma chote, hakisemi mtoto akae wapi darasani.

Hilo analijua mwalimu. Akiandika kwa wiki kadhaa kuwa mtoto ananakili kwa jirani, anachanganya 6 na 8, anasoma vyema akikaa mbele karibu na dirisha, basi kesho yake dawati linahama, bila nauli. Ila mwalimu akihamishwa, daftari hupotea. Na "mvivu" huandikwa upesi kuliko "haoni".

Mimi ningeanza kwa mwalimu, kisha nimpelekee daktari maandishi yake. Mtoto akishaingia kidato cha tatu, hapo cheti kisingoje tena.