Beji za kumbukumbu kwenye jezi: tulikoshonewa Kabwe na nilichojifunza

Wadau wa Mbeya, kama timu yenu imepata msiba na mnafikiria kuweka beji ya marehemu kwenye jezi, someni hii kabla hamjatoa hela.

Sisi ni timu ya maveterani huku Uyole, tunacheza kila Jumamosi asubuhi. Mwezi wa tatu tulimpoteza beki wetu wa kati, jezi namba 4, tulikuwa tunamwita Mwalimu maana alikuwa mwalimu kweli, wa hesabu, na nusu ya vijana wanaokuja kutuangalia kawafundisha yeye. Baada ya kuzika tukacheza mechi mbili na vitambaa vyeusi mkononi kama ilivyo kawaida, ila kitambaa unavaa leo kesho unavua, wachezaji wakasema hapana, Mwalimu tunataka akae kwenye jezi msimu mzima.

Kosa letu la kwanza tulikimbilia bei. Kuna ofisi moja ya kuprinti, jina nitaacha, ikatupigia stika kwa 1,500 kila jezi, siku hiyo hiyo tumemaliza. Zilikuwa zinang'aa, zina picha yake, majina yote matatu, mwaka wa kuzaliwa na wa kufa. Kufua mara ya tatu kona zikaanza kunyanyuka, ya nne ile ya kipa ikabanduka ikabaki nusu, sura ya Mwalimu imekatika kwenye macho. Na mkewe alikuwepo uwanjani siku hiyo. Hakusema neno, alimwita kipa pembeni akaibonyeza ile stika kwa kiganja ishike, ikagoma, akaibonyeza tena. Mimi ndio mweka hazina, mimi ndio niliyechagua stika, aisee niliumia sana.

Ndipo jamaa mmoja akanielekeza kwa dada fundi pale Kabwe. Ana fremu ndogo, mashine moja ya kudarizi ya kompyuta na cherehani mbili, na karibu muda wote kuna sweta za shule zimerundikana hadi mlangoni. Nikamtolea karatasi yenye maneno yetu yote yale ya kwenye stika. Akaisoma taratibu, akasema "kaka poleni sana", halafu akaniuliza haya maneno yote ni ya nini. Akachukua beji ya shule iliyokuwa mezani akanionyesha: herufi ikishuka chini ya nusu sentimita uzi unajaa, a na e na o zote zinakuwa kidoti kimoja. "Niambie kitu kimoja ambacho mtu akikiona tu anajua ni yeye, kaka, vingine vyote nyie mtasimulia." Tukabaki na 4 kubwa na chini yake MWL. Basi.

Kuna wachezaji walinung'unika kwamba tumempunja marehemu, na kiukweli hata mimi nilikuwa na wasiwasi, mpaka mpwa wangu anayefuatilia ule mpira wa Wamarekani wa kofia ngumu akanionyesha jezi ya Chicago Bears. Mkono wa kushoto kuna herufi tatu tu, GSH. Ni George Stanley Halas, mwanzilishi wa timu na kocha wao wa miaka mingi, alifariki 1983, herufi zikawekwa 1984 na mpaka leo hazijatoka. Hebu fikiria, 1984 ndio mwaka ambao sisi tulimpoteza Sokoine, ambaye jina lake liko kwenye uwanja wetu hapa mjini. Wachezaji wanaovaa GSH sasa hivi hawajawahi kumuona yule mzee lakini wanambeba begani. Kansas City Chiefs nao kifuani wana beji yenye herufi LH ndani yake, za Lamar Hunt aliyeanzisha timu, ipo tangu 2007. Pittsburgh Steelers msimu wa 2017 walivaa DMR kwa ajili ya Dan Rooney, mwenye timu wao. Na kwa wale wa soka letu, Liverpool nyuma ya shingo kuna 97, namba tu na miali ya moto, idadi ya mashabiki waliokufa kutokana na maafa ya msongamano kwenye uwanja wa Hillsborough tarehe 15 Aprili 1989. Hizo zote ni timu zenye hela na zinaweza kuandika chochote zinachotaka, na bado zimechagua herufi mbili tatu. Nikaelewa dada fundi alikuwa anasema kitu gani.

Sasa kazi yenyewe. Hadarizi moja kwa moja kwenye jezi, na msikubali mtu awafanyie hivyo, kitambaa cha jezi ni chepesi na kinavutika, uzi ukiingia mwingi kinakunjamana kama ngozi iliyoungua. Anadarizi kwenye kitambaa kigumu pembeni, nyuma ameweka karatasi ya kushikilia, anakata, anazungushia uzi mnene ukingoni ili kisichanike, halafu ndio anashona kwenye mkono wa jezi kwa cherehani. Ukipitisha kidole juu unaihisi ile 4 imesimama. Kwanza alitoa sampuli moja, sisi tulitaka uzi mweusi kwa sababu ya msiba, jezi zetu ni bluu iliyokolea, akaibandika na pini kwenye jezi akatutuma tuingie barabarani tuitazame kwa mbali. Haikuonekana kabisa. Tukabadilisha tukaweka nyeupe na sampuli hakutudai.

Bei 4,000 kwa beji na 500 ya kushona, jezi 22, jumla 99,000. Ukilinganisha na stika ni mara tatu, najua timu nyingi za mtaani hiyo hela inauma, sisi tulichanga wiki mbili. Ila zimeshafuliwa zaidi ya mara kumi kwa Omo na kuanikwa kwenye baridi letu hili ambapo nguo inakaa siku mbili haijakauka, na hakuna uzi hata mmoja uliochomoka.

Lawama ninazo. Alichelewa siku mbili, umeme ulikatika akatuambia mapema, hilo sina neno, lakini siku ya pili simu hapokei na sisi Jumamosi tuna mechi, nikapanda daladala kutoka Uyole kwenda kusimama mlangoni kwake mpaka saa moja usiku. Na jezi moja alishona beji mkono wa kulia, akairudia palepale ila matundu ya sindano yamebaki. Ukienda beba jezi zote siku moja, tia alama ya chaki pale unapotaka, na epuka mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza maana sare za shule zinammaliza.

Wiki iliyopita tumesajili vijana watatu, wawili hawakumjua Mwalimu kabisa. Nilimpigia dada fundi nikaanza kumweleza upya ukubwa na rangi, akanikata, "kaka ile ya namba 4, ninayo kwenye kompyuta". Nazifuata Alhamisi.