Sindano za homoni na mbegu iliyogandishwa kwa farasi jike: uzoefu wangu hapa Naivasha

Wenzangu wa farasi wananiuliza kila mara kama huduma hii ya kumpandisha jike kwa mbegu iliyogandishwa inafanya kazi. Inafanya, na ningeilipia tena. Ila mtu akikuambia kwamba sindano ndiyo inayompa farasi mimba, tafuta daktari mwingine. Sindano hupanga saa ya yai kutoka, basi. Yaliyobaki yanategemea afya ya mfuko wa uzazi, ubora wa mbegu, na daktari aliye tayari kuja usiku wa manane na mashine yake ya ultrasaundi.

Nafuga farasi wa mafunzo na wa kuruka vizuizi. Wenye farasi wa mbio, wale Thoroughbred wanaokimbia pale Ngong, haya hayawahusu, maana mtoto aliyepatikana kwa kupandishwa kwa mrija, bila dume mwenyewe kumpanda jike, hasajiliwi kwenye kitabu cha ukoo wao popote duniani. Mimi dume niliyemtaka yuko Ujerumani. Hawezi kuja, lakini mbegu yake husafiri ndani ya mtungi wa nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, mradi vibali na vipimo vya magonjwa viwe sawa.

Wengi wetu huku tumelelewa na ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe akionyesha joto asubuhi, jioni anapandishwa, kazi imekwisha. Farasi jike si hivyo. Hukaa kwenye joto siku 5 hadi 7, na yai hutoka siku moja au mbili kabla joto halijakatika. Mbegu iliyogandishwa ikishayeyushwa haiishi muda mrefu: inatakiwa iingie ndani ya saa 12 kabla ya yai kutoka, au isizidi saa 6 baada ya kutoka. Kwa kuangalia mkia tu huwezi kuijua saa hiyo.

Mtoa huduma niliyeanza naye alitaka kufanya kazi kwa mkia. Alimchoma Dhahabu, mmoja wa majike wangu wawili, sindano ya joto bila kumpiga picha hata moja ya ultrasaundi, akasema tumwite tukimwona anakojoa-kojoa na kuchezesha uke. Sindano hiyo ni prostaglandini, na haifanyi lolote ikiwa hazijapita kama siku 5 tangu yai la mwisho litoke. Mbaya zaidi, farasi akiwa na mimba changa usiyoijua, inaitoa. Tulipoteza mrija mzuri wa mbegu, na mbegu ya aina hiyo haipatikani dukani. Niliumia sana.

Daktari wa pili ndiye ninayemsifu hapa. Kabla ya kugusa dawa yoyote alichukua sampuli kwenye mfuko wa uzazi kuangalia uchafu na bakteria, kisha akapiga picha ya ovari zote mbili. Alipoona Shani, jike wangu wa pili, ana mwili wa manjano uliokomaa (ule unaobaki kwenye ovari baada ya yai kutoka), ndipo akamchoma prostaglandini. Anayeiona mara ya kwanza ataogopa: baada ya dakika chache Shani alilowa jasho shingoni na mbavuni, akaharisha kidogo, akawa anageuka kutazama tumbo lake. Saisi alimtembeza taratibu uwanjani mpaka ikapita, na haikufika saa moja. Siku tatu nne baadaye alikuwa kwenye joto. Saisi alinipigia simu kabla hata sijaamka vizuri: "Mama, huyu leo amefungua kabisa."

Kisha zikaanza picha za kila siku. Daktari alinionyesha kifuko cha yai kwenye skrini, duara jeusi linalokua, na mfuko wa uzazi uliovimba kwa maji ya joto ukionekana kama chungwa lililokatwa. Kifuko kilipopita milimita 35 na uvimbe ukiwa bado upo, alimchoma hCG, homoni inayolisukuma yai litoke, kwa kawaida kati ya saa 36 na 48. Wapo wanaotumia deslorelini kwa kazi hiyo hiyo, hasa kwa jike aliyechomwa hCG mara nyingi, kwa sababu mwili wake unaweza kuizoea na kutengeneza kinga dhidi yake. Muulize daktari wako anayo ipi, na kwa nini.

Hapo uamuzi ni wako. Ukiwa na mirija ya kutosha, unaweza kupandisha mara mbili kwa saa zilizopangwa tangu sindano. Ukiwa na michache kama mimi, farasi anaangaliwa kila baada ya saa 6, usiku na mchana, hadi yai litoke. Usiku ule tulikuwa kwenye krashi, kizimba chembamba cha kumshikia farasi, na tochi na chupa ya chai. Yai lilipotoka, daktari aliuchovya mrija kwenye maji ya nyuzi 37 kwa sekunde 30, akaukausha kwa kitambaa kabla ya kuukata. Nilipouliza kwa nini anakausha kwa uangalifu vile, alinieleza kwamba tone la maji likiingia huua mbegu. Halafu akaipeleka kwa mrija mrefu laini mpaka kwenye ncha ya pembe ya mfuko wa uzazi, upande ule ule lilikotoka yai. Hayo niliyaona mwenyewe, na ndiyo ninayoyalipia.

Siku iliyofuata alirudi kuangalia kama kuna maji yaliyobaki ndani. Usiruhusu hatua hii irukwe. Mbegu iliyogandishwa huuchokoza mfuko wa uzazi, na jike mzee hushindwa kujisafisha. Shani alikuwa mkavu. Dhahabu, ambaye naye alipandishwa na daktari huyu na umri wake umekwenda, alikuwa na maji mengi. Alioshwa na kupewa oksitosini ili mfuko ubane na kuyatoa, lakini hakushika. Daktari alikuwa ameniambia mapema, bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba kwa mbegu ya aina hii theluthi moja hadi nusu ya majike ndio hushika kwa mzunguko mmoja, na umri unazidi kuwashusha.

Shani alishika. Picha ya siku ya 15 ilionyesha kifuko kimoja tu cha mimba, na tulishukuru, kwa sababu pacha kwa farasi ni hatari na daktari hulazimika kuminya kimoja mapema, kabla hakijajishikiza. Kabla ya siku ya 30 tuliona moyo ukipiga. Msikubali kuruka picha hii, jamani. Kuanzia siku ya 35 hivi, mfuko wa uzazi huota vijivimbe viitwavyo vikombe, vinavyotoa homoni yake, na mimba ikitoka baada ya hapo, jike hukaa hadi miezi minne tangu ashike bila kurudi kwenye joto la maana. Msimu unapotea hivi hivi.

Shani pia alipewa altrenogesti ya kunywa, homoni ya kusaidia kutunza mimba, ile Regumate, mililita 10 kwa siku kwa farasi wa kilo 500. Hapa nina jambo na wenye mabanda. Dawa hii hupenya ngozi. Mwanamke mwenye umri wa kuzaa asiiguse, na prostaglandini vivyo hivyo: mjamzito au mwenye pumu asiikaribie kabisa. Dada anayenisaidia kulisha nilimtoa kwenye kazi hiyo, na saisi nikampa glavu zisizopenya mafuta. Nimeona banda ambako chupa yake imekaa juu ya meza ya chai. Hao wafanyakazi ni watoto wa watu.

Ulaya hulipia pia taa za usiku ili majike waanze joto mapema mwakani. Huku kwetu karibu na ikweta mchana na usiku havipishani sana, na jike anayekula vizuri anaweza kuzunguka karibu mwaka mzima. Pesa hiyo nunua nyasi za Rhodes na madini, hasa kiangazi kikikaza.

Kuhusu gharama: kwangu safari za usiku za daktari na ultrasaundi zilizidi bei ya mbegu yenyewe. Kubaliana naye mapema kuhusu malipo ya mzunguko mzima, picha ya siku ya 15 na ya moyo zikiwemo, na uandike. Shani alizaa jike baada ya miezi 11, mwenye miguu mirefu na afya njema. Kwa Dhahabu tumeacha mbegu iliyogandishwa. Daktari atachukua kipande cha ukuta wa mfuko wake wa uzazi kupima, na kikiwa na matumaini tutajaribu mbegu iliyopozwa ya dume wa hapa nchini, ambayo huishi siku moja au mbili na haimchokozi jike kwa ukali ule.