Fundi wa Birere, kufuli ya mashini yangu ya kufua, na kitambaa changu cha kichwa

Nilitaka kuandika haya siku ile ile, bwana yangu akaniambia ngoja kwanza hasira ishuke. Nimengoja. Haijashuka, imeota mizizi.

Mimi ni mama wa mapasa, yaani mapacha, wana mwaka na nusu, tunaishi Himbi, hapa Goma. Mashini ya kufua niliipata kwa zamu yangu ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, nikachagua ile ya kufunguliwa juu kwa sababu moja tu: maji. Bomba letu likitoa maji siku mbili kwa juma tunashukuru, siku zingine ni bidoni, yaani madumu. Mashini ya kufunguliwa mbele utaimwagia maji kupitia wapi? Hii yangu unafungua kifuniko, unamwaga bidoni ya kwanza, ya pili, ya tatu, unafunga, unabonyeza, inaanza. Kwa hiyo kifuniko kikigoma, mimi na watoto na vitambaa vyao sote tumegoma.

Na kikagoma. Nabonyeza, nasikia tak, tak, tak, kama mtu anabisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu, halafu ile taa ndogo yenye picha ya kufuli inapepesa na mashini inanyamaza. Nguo zinabaki zinaogelea. Siku nyingine ni kinyume: inafunga, inafua, inamaliza, halafu inakataa kufungua. Kuna siku kuran, yaani umeme, ilikatika katikati, makushi ya vitambaa, zile nepi zao, yakalala ndani mpaka kesho yake mchana. Harufu sitawaeleza, pengine kuna mtu anasoma huku anakula.

Tukaipakia juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, mpaka mtaa wa Birere. Mimi nilikuwa nyuma kwa motari, yaani pikipiki, na kila mashini iliporuka juu ya makoro, yale mawe ya volkano, nilishika kifua. Jina la duka silitaji, bwana yangu amenikataza. Wenye kununua friji na televisheni upande ule mutajua tu.

Fundi mwenyewe, yaani bosi, alinipokea vizuri mno. "Mama Mapasa, karibu, keti. Iyi ni kazi ya dakika." Dakika zikawa siku tatu, sawa, mimi ni mtu wa Goma, siku tatu si kitu. Bei dola 25. Nikatoa noti ya 20 na ya 5. Ile ya 5 akaiinua juu kwenye mwanga, akaigeuza, akaona pembeni pamepasuka kidogo, kama ukucha wa mtoto. "Mama, iyi haitembei." Nikatoka nje kwa kambiste, mbadilisha pesa, akaichukua kwa dola 4, nikaongeza kwa franka, nikalipa. Mukumbuke hiyo noti.

Sasa hapa ndipo ninapojionea haya. Kwa majuma kadhaa nilimsifu yule mtu. Kifuniko kilikuwa kinafunguka wakati wowote! Nimesahau soksi, nafungua, natupia. Maji hayatoshi, nafungua, naongeza nusu bidoni. Hakuna tak tak, hakuna taa. Niliwapelekea habari majirani, nikamtumia wateja watatu, mmoja wao ni mama mkubwa wa kwaya yetu. Kama ningeandika wakati ule, mungesoma sifa tupu hapa.

Kisha siku moja asubuhi mashini ilikuwa imefika pale pa kukamua, inalia ile sauti ya juu kama ndege inataka kupaa. Mapasa mmoja alikuwa amesimama juu ya bidoni tupu pembeni yake, anapenda sana mtetemo. Nikaona shati moja limebaki nje. Bila kufikiri nikainua kifuniko.

Pipa halikusimama. Halikupunguza hata mwendo. Upepo wa maji ulinipiga usoni, na ncha ya kitambaa changu cha kichwa ikaanguka ndani. Sikuona ikienda. Nilisikia tu kichwa kikivutwa na fundo kufunguka, kikatoka kama mtu amenipora sokoni. Mikono yangu ilikuwa juu ya ukingo. Mkono wa mtoto ulikuwa njiani. Nilimpiga kumbo, akaanguka chini, akalia, nami nikakaa chini nikalia naye, mashini ikaendelea kuzunguka wazi wazi mbele yetu mpaka nilipong'oa waya ukutani. Mashini hizi wakati wa kukamua zinazunguka zaidi ya mara 600 kwa dakika moja. Kifuniko kinafungwa kwa sababu hiyo, si kwa mapambo.

Kumbe hakutengeneza kitu. Alichomoa plagi ya kufuli, akaunganisha nyaya mbili, akazifunga na skochi nyeusi, ule utepe wa gundi. Kufuli ya kweli inafanya kazi mbili: inabana kifuniko, na inaiambia mashini "nimefunga, zungusha." Yeye aliifundisha mashini kudanganywa. Inaamini kifuniko kimefungwa hata kikiwa wazi, hata mtoto akiwa ameingiza mkono.

Nikarudi Birere na mapasa wote wawili, mmoja mgongoni, mmoja mkononi, na kitambaa kilichochanika ndani ya sashe. Nikamweleza. Unajua alinijibu nini? Hakuinua hata macho kwenye simu yake.

"Ulikuja ukasema haifunguke. Sasa inafunguka. Unalia nini tena?"

Nikamwonyesha fakture, ile risiti, aliandika mwenyewe kwa mkono wake, kufuli, sawa, garanti miezi mitatu. Akaisoma polepole kama mtu anayesoma barua ya mwingine. "Garanti iko juu ya kipande. Kipande sikukuuzisha. Basi garanti ya nini?" Wateja wawili wakacheka. Halafu akaongeza, na hili ndilo halijanitoka: "Na weye mama, mashini ya nini? Mama zetu walifulia ku ziwa, walikufa?"

Weye mama. Siku ya kulipa nilikuwa Mama Mapasa.

Nisiwe mwongo, mtu huyu si mwizi. Friji ya mama mkwe wangu aliitengeneza na inagandisha mpaka leo. Watu wanamheshimu, na ukweli ni kwamba mimi nililalamika kuhusu kufungua zaidi kuliko kufunga. Labda alinielewa hivyo. Labda wako wateja wanaokuja kuomba kabisa: fundi, toa hii kufuli, inatusumbua na mabidoni. Naelewa. Lakini hapana, narudisha neno. Mtu anayefunga nyaya mbili anajua anafanya nini. Angeweza kusema, "Mama, nimeiondoa, uwe macho na watoto." Maneno machache. Dola 25 zilitosha kuyanunua.

Sikutoka. Niliketi kwenye ile benchi ya wateja, nikaweka mapasa chini, nikawaacha walie wanavyotaka, na kila mteja aliyeingia nilimwonyesha kitambaa. Wa nne alipogeuka akaenda duka la jirani, bosi akafungua droo, akanikunjia dola 10 mkononi. "Mama, nenda kwa amani." Nikaenda, watoto walikuwa na njaa.

Nje, kijana wake wa kazi akanifuata, eti ananisaidia kubeba. Akasema chini chini, akiniita Yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, nitakuja siku ya Mungu baada ya misa. Usiitumie mbele ya hapo." Akaja kweli. Na hapa maoni yangu yanaharibika, maana sijui tena ninalaumu duka au ninalisifu, kijana ni wa duka lile lile.

Alichomoa mashini kwanza. Akatoa skrubu mbili chini ya ukingo, akaivuta kufuli nje, kitu kidogo tu, kama kiberiti kirefu. Tundu lake, pale ulimi wa kifuniko unapoingia, lilikuwa limejaa uji mzito wa kijivu. Akauchokoa na mswaki wa zamani, akanipakia kwenye kidole. Sabuni, na chenga nyeusi. Vumbi la makoro.

"Yaya, si mashini. Ni bidoni."

Bidoni zinakaa chini uani, kwenye lile vumbi letu jeusi. Nikiinua ili nimwage, naiegemeza kwenye ukingo pale pale, juu ya tundu. Tangu nimeinunua nimekuwa nikiilisha kufuli mchanga wa Nyiragongo, ile volkano yetu, kidogo kidogo. Nilitaka kumkasirikia na yeye pia, lakini alikuwa amesema Yaya, na alikuwa amepiga magoti kwenye maji.

Akasema kama ingepigwa mswaki siku ya kwanza, pengine ingetosha. Lakini sasa sikio moja la plastiki lilikuwa limevunjika, na alama ya tournevis, yaani bisibisi, ilionekana wazi. Sikumuuliza ya nani. Alikuwa amekuja na kufuli mbili alizozitoa kwenye mashini zilizokufa. Moja akaigeuza tu akairudisha mfukoni: imeandikwa 120V, imetoka kwenye mashini ya Marekani, kwetu kuran ni 220, ingeungua. Ya pili ilikuwa na 220-240V. Kabla ya kuifunga akaweka nyaya za multimetri, kile kipimo cha umeme, akaniambia nisukume ule ulimi kwa kidole. Ikalia tiii. Nikaachia, kimya. Akanifanya nirudie mara tatu mimi mwenyewe, kama mwalimu. Halafu akakata zile nyaya za bosi wake, akarudisha plagi, akaiwasha, na ilipofika pale pa kukamua akaniambia: "Vuta sasa, kwa nguvu." Nikavuta. Kifuniko hakikusogea hata kidogo. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kitu kukataa.

Dola 15, kipande ndani yake. Nikampa na sahani ya sombe na fufu.

Basi niwaambie muende au musiende? Musiende. Au muende, lakini muulizie kijana, na muombe kuonyeshwa kufuli kabla ya kulipa, iwe imechomekwa, si skochi. Ila musiseme ni mimi niliyewatuma, bosi atamfukuza, na nitapata wapi fundi mwingine wa kuja siku ya Mungu? Nyota ngapi sijui. Kijana zote. Bosi, nikimfikiria na ile simu yake, naona hata moja ni zawadi.

Mashini inafua. Bidoni sasa nazipangusa chini kwa kitambaa kabla ya kuinua, na kitambaa chenyewe ni kile cha kichwa, nusu iliyobaki.

Zile dola 10 sikuzikunjua mpaka nilipofika nyumbani. Noti moja, katikati imepasuka toka juu mpaka chini, imeunganishwa kwa skochi. Kambiste wa kwanza alitaka kunipa dola 7. Wa pili alicheka tu, hakuigusa.