Mamangu na nyumba ya kuuguza wazee hapa Malindi: uzoefu wetu wa miezi minne

Naandika haya kwa sababu najua kuna mtu hapa pwani amekaa usiku huu kando ya kitanda cha mzazi aliyepooza upande, hajui aanzie wapi, na kuuliza anaona aibu. Mwaka jana mtu huyo nilikuwa mimi.

Mamangu ana miaka 71. Presha ilimpanda alfajiri akitawadha, akapatwa na kiharusi. Tulimkuta chini, maji ya birika yamemwagika, mdomo umekwenda kombo, mkono na mguu wa kulia haviitiki. Hospitalini walimwokoa na nitawashukuru daima. Lakini siku ya tisa tulipewa ruhusa pamoja na mfuko wa dawa na karatasi, tukaambiwa tukamfanyishe mazoezi nyumbani. Mazoezi gani? Hakuna aliyetuonyesha. Kule kwetu Shella tulikuwa tunamwinua kwa kumvuta mkono ule ule mgonjwa, watu wanne tumemzunguka, naye analia kwa maumivu ya bega. Wiki ya tatu akapata kidonda cha kulalia chini ya kiuno, ukubwa wa sarafu ya shilingi 20.

Jirani ndiye aliyetuambia habari za nyumba hii. Haifanyi biashara. Inaendeshwa kwa michango, na familia inatoa kadiri ya uwezo wake baada ya kukaa nao na kusema ukweli wa mapato. Sisi tuliwaeleza bila kuficha: kuna zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, posho ya wazee, kila mwezi, kuna mshahara wangu, na kaka anayevua. Wakaandika kiasi tunachoweza, na hawakukibadilisha mpaka siku tunatoka.

Nyumbani kulikuwa na maneno. Mjomba alisema mbele ya watu, "Mnakwenda kumtupa mama yenu." Nililala na neno hilo siku nyingi. Katiba yenyewe, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kutunzwa na familia yake na serikali pia. Serikali hatukuiona mlangoni, na familia ilikuwa na mapenzi bila ujuzi. Sasa nani alikuwa anamtupa, aliyempeleka kwa wajuzi au aliyemwacha kitandani kidonda kikichimba?

Siku ya kwanza nesi alimfunua mama, akakiangalia kidonda, akakipima, wala hakutufokea. Kisha akabandika ukutani karatasi iliyochorwa saa: kila baada ya saa mbili mama anageuzwa, ubavu huu, ubavu ule, mto katikati ya magoti, na anayemgeuza anatia alama. Usiku pia. Kidonda kilianza kufunga bila dawa yoyote ya ajabu. Kilichokitibu ni usafi, chakula, na kugeuzwa kwa saa.

Jambo lililotugombanisha nao ni chai. Mama bila chai ya tangawizi asubuhi si mama. Wao walimkatalia. Walimpa maji kijiko kimoja, wakamwangalia koo, wakamwambia aseme "aaa", wakasikiliza kama sauti imelowa. Ilikuwa imelowa. Wakasema vya majimaji vingoje, ale uji mzito na viazi vya kupondwa kwanza, akiwa amekaa wima. Dadangu aliona ni ukatili, akaja na chupa ya chai chini ya buibui. Funda la pili mama alipaliwa, akakohoa mpaka macho yakamtoka. Nesi alimkalisha, akamwinamisha mbele, akangoja kikohozi kitulie. Halafu akamketisha dadangu pembeni akamweleza: kiharusi kinalegeza koo, chai inapita njia ya pumzi badala ya njia ya chakula, ikifika mapafuni ni nimonia, na nimonia huwamaliza wengi walionusurika kiharusi chenyewe. Hospitali hatukuambiwa hilo hata kwa neno moja. Baada ya wiki tano chai ilirudi, kwanza ikiwa imefanywa nzito kidogo. Ile asubuhi alikishika kikombe kwa mkono wa kushoto, akafumba macho.

Kuzungumza kulikuwa kugumu zaidi. Kila kitu kilikuwa "kile". Kuomba maji hawezi. Lakini kulikuwa na mhudumu mmoja, msichana wa Kigiriama anayemwita mama "hawe", yaani bibi, naye ni Mkristo, ambaye aligundua kwamba mama akianzishiwa Alhamdu anaisoma mpaka mwisho bila kukwama. Akajifunza ule mwanzo ili amwanzishie kila asubuhi. Baada ya hapo wanahesabu moja mpaka kumi, kisha siku za juma, kisha ndipo anamwonyesha gilasi na kungoja. Anangoja kweli, hamkatizi. Neno "maji" lilitoka siku ya Alhamisi, nami nilikuwepo.

Kasoro zipo na nitazisema. Mtaalamu wa kufundisha kusema hawana wa kudumu, na kwa mgonjwa kama mama hilo ni pengo kubwa. Simu yao ukiipiga jioni huenda isipokelewe. Na kuna usiku mmoja mama alikutwa shuka limelowa hadi asubuhi, kwa kuwa wahudumu wa zamu walikuwa wawili na wagonjwa wengi. Nililalamika kwa ukali. Msimamizi hakubisha, aliomba radhi, na halikurudia. Lakini wahudumu wachache ni wachache tu, na anayeweza kuwachangia awachangie.

Kilichonifanya niandike, hata hivyo, ni kwamba walitufunza sisi. Kila Jumamosi ndugu wa mgonjwa wanaingizwa chumba cha mazoezi. Nilifunzwa kwamba bega lililolegea halivutwi, wala humshiki mtu kwapani. Unamfunga mkanda kiunoni, unakunja magoti yako, unainuka naye. Nguo unaanza kumvika upande mgonjwa, na kumvua unaanza upande mzima. Kwenye ngazi wana msemo wao: mzima upande, mgonjwa ushuke, yaani mguu mzima hutangulia kwenda juu na ule mgonjwa hutangulia kushuka. Baraza yetu ina vidato vitatu. Mama sasa anavipanda na bakora, mimi nikiwa nyuma yake, nikishika mkanda.

Mjomba alikuja kumtazama mwezi uliopita. Alitaka kumwinua, akamshika mkono wa kulia. Mama akautoa, akagonga mkanda kiunoni kwa mkono wa kushoto: "Si huko. Hapa." Mjomba akashika hapo.

Mkienda, nendeni asubuhi, na mchukue karatasi zote za hospitali hata zilizokunjamana, pamoja na dawa zenyewe kwenye pakiti zake. Leso tatu au nne za zamani, laini, zinafaa kuliko shuka jipya. Nanyi wenyewe vaeni viatu vya kufunga, si ndara, kwa sababu siku hiyo hiyo mtaanza kufunzwa kumwinua.