Supu ya kwaki: latisi au holografia?

Ile supu ya kwaki na gluoni (chembe ndogo zinazounda protoni) waliyoipata pale RHIC, mashine ya kugonganisha chembe huko Marekani, wakigonganisha viini vya dhahabu, watu wanaisoma kwa njia mbili kubwa. Latisi inakata nafasi na muda vipande vipande kama wavu alafu kompyuta kubwa zinapiga hesabu ya QCD yenyewe (nadharia ya nguvu inayoshikanisha kwaki), na kwenye joto haina mpinzani, ndo iliyotupa ile MeV 155 hivi (joto likipimwa kwa nishati) ambapo protoni zinayeyuka. Ila ukiiuliza supu inatiririka vipi inahangaika sana, maana inatumia muda wa kufikirika, sio huu wetu.

Hapo ndo naipendea holografia, mlango alioufungua mwanafizikia Maldacena 1997: swali gumu la chembe zinazong'ang'aniana unalihamishia kwenye shimo jeusi lenye daimensheni moja zaidi, hesabu inalainika kabisa, na 2001 Policastro, Son na Starinets wakaitumia kupiga hesabu ya mnato (uzito wa supu kutiririka), ukiugawanya kwa msongamano wa entropi (kipimo cha vurugu ya chembe) unapata 1/4π, yaani kama 0.08, na data za RHIC zikaja kuonyesha mnato mdogo wa kiwango hichohicho, jamani hii bado inanisisimua! Shida ni kwamba hiyo hesabu ni ya nadharia binamu ya QCD, kwahiyo usiichukue kama kipimo kamili.