Tahadhari: muuzaji wa injini za rotari anayedai ameziondolea vifaa vya moshi na kuzifanyia oveholi

Ninaandika nikiwa na hasira, na pia nina aibu, kwa kuwa wengi wenu huniuliza mimi kuhusu injini hizi. Yupo mtu anayeuza injini za 13B-REW, zile za rotari za Mazda RX-7 zenye tabo mbili, ambazo badala ya pistoni zina rota mbili za pembetatu zinazozunguka, akidai kwamba amezifanyia oveholi na kuziondolea vifaa vyote vya kudhibiti moshi. Mimi ameniuzia injini iliyokwisha kufa. 

Nilipofika kwake kuinunua, injini ilikuwa bado ndani ya gari ilimotoka, na ilikuwa ya baridi kabisa. Yeye mwenyewe aliniambia niweke kiganja juu yake nijihakikishie, kwa maana kila mnunuzi anajua kwamba muuzaji mwongo huipasha injini moto kabla mteja hajafika. Akafungua plagi moja kwenye rota ya mbele, akafunga geji ya kompresheni, akaniambia nipige starta. Mshale ukapanda hadi 8 ukabaki pale pale. Akahamia rota ya nyuma, ukafika karibu hapo hapo. "Piga picha, ndugu yangu," akaniambia, "ili kesho usije ukasema nilikudanganya." Nikapiga. Picha hiyo bado ninayo kwenye simu, na kila nikiiona moyo unaniuma.

Akarudisha plagi, akawasha. Injini iliwaka mara moja, ikatoa moshi mzito wa rangi ya bluu, na kabla sijafungua mdomo akaeleza kwamba ni oili aliyoimwaga kwenye matundu ya plagi ili sili za ncha za rota zisikauke, kwa sababu injini ilikuwa imekaa muda mrefu. Moshi ukapungua, injini ikatulia kwenye sailensa, yaani mzunguko wake wa taratibu bila kukanyaga mafuta. Nikamwomba aizime na kuiwasha tena ikiwa ya moto. Mkono wangu ulikuwa karibu na funguo, naye akaushika kwa upole akasema kwamba tabo zimeshapata moto, na kwamba ukiizima ghafla oili inaungulia kwenye beringi zake. Akanivuta mbele ya boneti, akaanza kunionyesha mahali palipokuwa na pampu ya hewa, vibati vya alumini alivyozibia matundu, na mipira mipya ya silikoni iliyochukua nafasi ya ule msitu wa mipira ya vakyumu ambao kila mwenye FD, yaani RX-7 ya kizazi cha tatu, anauchukia. Nilimlipa huku injini ikiendelea kunguruma.

Atakayeuliza kwa nini niliamini, ajue kwamba mtu huyu hakuzungumza kama mchuuzi wa vyuma chakavu. Kila sehemu aliitaja kwa jina lake sahihi. Ni kweli kwamba mafundi humwaga oili kidogo ndani ya rotari iliyokaa, na ni kweli kwamba tabo iliyofanya kazi huachwa ipoe kabla ya kuzima. Hata kuhusu masega ya ekzosi (yale yanayosafisha moshi) alinitahadharisha bila kuulizwa kwamba, yakiondolewa, presha ya tabo inaweza kupanda kupita uwezo wa wesgeti, vali ya kupunguza presha hiyo, kuizuia, mchanganyiko wa petroli na hewa ukawa mwepesi, yaani wenye petroli kidogo mno, na injini ikagonga hadi sili zikavunjika. Mtu anayekupa onyo la namna hiyo utamshuku vipi?

Tulipoifunga kwenye gari langu, ubaya ulianza siku ile ile. Ilipopata moto ikazimika, haikuwaka tena mpaka ilipopoa. Sailensa ilipanda na kushuka kwa sababu vizibo kadhaa vya mpira alivyotumia vilikuwa vimepasuka na kuvuta hewa. Tabo ya pili, ambayo inapaswa kuingia karibu na mizunguko 4500 kwa dakika, haikuingia kamwe, kwa kuwa pamoja na mipira ya mfumo wa moshi alikuwa amekata na kuziba mipira inayoamuru tabo hiyo. Alipoondoa pampu ya hewa hakuweka puli mbadala, hivyo mkanda unaozungusha pampu ya maji ulikuwa hauishiki puli yake vizuri. Nilipompigia simu alinijibu kwamba injini mpya inahitaji kuzoea. Baada ya hapo hakupokea tena.

Fundi mwenye kipimo halisi cha rotari ndiye aliyenifumbua macho. Rota moja ina nyuso tatu, na kila uso una kompresheni yake. Geji ya injini ya pistoni ina vali inayoshikilia kipimo kikubwa kuliko vyote, kwa hiyo uso mmoja mzima unatosha kuficha mbovu, na ile oili aliyoimwaga ilikuwa imeziba mianya na kupandisha kipimo. Kiwango cha chini cha Mazda ni kilo 6 kwa sentimita ya mraba injini ikizungushwa mara 250 kwa dakika, na nyuso za rota moja zisitofautiane kwa zaidi ya 1.5. Rota yangu ya nyuma ilikuwa na uso ambao haukufika hata 4.

Jambo linalonichoma kuliko yote ni kwamba alikuwa ameondoa pia pampu inayopeleka oili kwenye sili, ambayo si kifaa cha moshi hata kidogo, wala hakunitamkia kwamba sasa oili lazima ichanganywe kwenye petroli. Huo ni uuaji wa injini, na anayeufanya kwa kujua anastahili kushtakiwa, kurudisha fedha zote na kufungiwa asiuze hata plagi.

Kwenu mnaotafuta injini hizi: kataeni geji ya pistoni, daini kipimo cha nyuso zote sita, na injini ipimwe na kuwashwa ikiwa ya moto. Moshi mwingi wa oili mwanzoni ni sababu ya kusubiri. Ulizeni pampu ya oili iko wapi.

Mtu huyu hubadilisha jina na namba, lakini maneno yake ni yale yale, hasa hayo ya kukusihi upige picha. Kama umeuziwa injini kwa namna hii, tunza risiti, ujumbe na vipande vya sili, kisha niandikie kwa faragha, kwa sababu ninaandaa malalamiko na ninataka tuyapeleke tukiwa wengi.