Freedom Trail ya Boston: matembezi mazuri, mpangilio unaochanganya

Freedom Trail ni mstari mwekundu, pengine wa rangi na pengine wa matofali, unaokatiza katikati ya jiji la Boston kwa kilomita 4 hivi na kuunganisha vituo 16 vya historia ya uhuru wa Marekani. Wazo lake lilianza mwaka 1951, na kuufuata hakuna malipo. Kwa anayetembea mji asioujua, ni vigumu kuulaumu: huhitaji ramani wala kiongozi, na ukitoka kituo cha treni cha Park Street uko karibu na mwanzo wake.

Kasoro yake ni moja, lakini si ndogo. Mstari umefuata mitaa, haukufuata miaka. Aliyekuja kuona jinsi manung'uniko ya 1765 yalivyozaa vita ya 1775, ya makoloni ya Amerika dhidi ya Uingereza, anakaribishwa na jengo la bunge la jimbo la Massachusetts lenye kuba la dhahabu, lililokamilika 1798. Kisha anaonyeshwa kanisa la 1809, halafu makaburi ya watu ambao bado hajaambiwa walifanya nini. Jengo moja njiani, la 1718, liliwahi kuwa duka maarufu la vitabu, na miaka ya karibuni limegeuzwa mgahawa. Watu wengi wanafika ukumbi wa mikutano wa Faneuil Hall miguu inauma na kichwani wana majina tu: Adams, Hancock, Revere. Kwa hiyo vituo vifuate, ila si kwa zamu ya mstari.

Anzia nje ya mstari kabisa. Kwenye kona ya mitaa ya Washington na Essex, jirani na kituo cha Chinatown cha treni za Orange Line, ulikuwapo mti mkubwa ulioitwa Liberty Tree. Tarehe 14 Agosti 1765 ilitundikwa hapo sanamu ya kumkejeli Andrew Oliver, aliyekuwa ateuliwe kugawa stempu za kodi. Uingereza ilikuwa imetoka kwenye vita ya miaka saba iliyoisha 1763 ikiwa na deni zito, ikataka makoloni yachangie gharama za jeshi lililobaki Amerika. Sheria ya Stempu ilitoza magazeti, hati za mahakama, mikataba, hata karata za kuchezea. Kosa lake la kisiasa liko wazi ukitazama waliotozwa: wachapishaji, mawakili, wafanyabiashara na wenye vilabu vya pombe, yaani watu hasa wenye uwezo wa kupaza sauti. Oliver alijiuzulu kesho yake. Stempu bila mgawaji haiuziki, sheria ikafia mikononi. Wafanyabiashara wa London, waliokuwa wakipoteza wateja kwa sababu ya mgomo wa kununua bidhaa, wakalisukuma Bunge liifute Machi 1766. Lakini pamoja na kuifuta, Bunge lilitunga sheria nyingine ya kutangaza kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria za kila namna. Kodi ikaondoka, mgogoro ukabaki.

Kona hiyo haina makumbusho, ina alama tu, na mstari mwekundu haufiki. Kukosekana kwake ni dosari tusiyoweza kuisamehe. Msomaji wa Tanzania au Kenya anayejua habari za kodi ya kibanda na pamba ya kulazimishwa anaweza kushangaa jinsi kodi za Boston zilivyokuwa nyepesi, na mshangao huo ni wa haki. Ugomvi haukuwa juu ya uzito wa kodi bali juu ya nani ana haki ya kuitoza, kwa kuwa makoloni hayakuwa na mbunge hata mmoja London.

Kutoka hapo panda na mtaa wa Washington hadi Old State House, makao ya zamani ya serikali ya koloni, mwendo wa robo saa. Jengo ni la 1713, na chini yake hasa kuna kituo cha treni cha State. Tiketi yake kwa kawaida huingiza pia Old South Meeting House, kwa hiyo usinunue mara mbili. Ndani, chumba cha kukaa nacho ni kile cha baraza la gavana: hapo mwaka 1761 wakili James Otis alipinga hati zilizowaruhusu maofisa wa forodha kupekua nyumba na maghala bila kutaja wanachotafuta. Magendo yalikuwa riziki ya wengi mjini, na wapekuzi walichukiwa kabla stempu haijatajwa.

Nje, chini ya roshani, kuna duara la mawe linaloashiria mauaji ya tarehe 5 Machi 1770. Wageni hupiga picha na kuondoka, ilhali hapa ndipo pa kusimama muda mrefu. Wanajeshi waliletwa mjini Oktoba 1768 kulinda maofisa wa forodha, katika mji wa watu wapatao 16,000 tu. Mishahara yao ilikuwa midogo, hivyo wakitoka zamu walitafuta vibarua, na walikubali ujira wa chini kuliko wenyeji. Siku tatu kabla ya mauaji palizuka ugomvi wa ngumi na marungu kwenye kiwanda cha kamba baada ya askari kwenda kuomba kazi. Usiku wa tarehe 5 umati ulimzunguka mlinzi wa jengo la forodha kwa matusi na mabonge ya theluji, Kapteni Thomas Preston akaja na askari wachache kumsaidia, risasi zikafyatuka. Watu watano walikufa, wa kwanza kutajwa akiwa Crispus Attucks, baharia mwenye asili ya Kiafrika na ya wenyeji wa Amerika. John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, ndiye aliyewatetea askari mahakamani. Preston na sita wakaachiwa, wawili wakapatikana na hatia ya kuua bila kukusudia na kupigwa chapa gumbani. Picha aliyoichapisha mfua fedha Paul Revere inaonyesha askari wamejipanga safu na kufyatua kwa amri. Haikuwa hivyo, lakini picha ilisafiri haraka kuliko hukumu.

Siku ileile, London, waziri mkuu Lord North alipendekeza kufuta ushuru wa bidhaa nyingi zilizotozwa tangu 1767. Akaacha mmoja, wa chai.

Rudi nyuma kidogo hadi Old South, jumba la ibada la 1729, ambako yapata watu 5,000 walikusanyika tarehe 16 Desemba 1773. Swali ambalo maelezo ya haraka huliruka ni hili: kwa nini usiku ule? Meli ya Dartmouth ilikuwa imeingia mwishoni mwa Novemba, na kwa sheria ya forodha shehena isiyolipiwa ushuru ndani ya siku 20 ingeweza kutaifishwa. Muda ulikuwa unakwisha kesho yake. Gavana Hutchinson alikataa meli kuondoka na chai, umati ulikataa chai kushushwa. Na chai yenyewe haikupanda bei. Sheria ya 1773 iliiruhusu Kampuni ya India Mashariki, iliyokuwa na shehena tele isiyouzika, kuuza moja kwa moja Amerika kupitia mawakala iliowachagua, hivyo chai halali ingeshindana hata na ya magendo. Wafanyabiashara waliona ukiritimba, wanasiasa wakaona mtego: ukinunua chai rahisi, umekubali ushuru. Usiku huo wapinzani wakapanda melini, na makasha 342 yakaishia majini, zaidi ya tani 40.

Boston Tea Party Ships & Museum, kwenye daraja la Congress Street, haimo kwenye vituo 16 na kiingilio chake ni ghali. Ni kituo cha maigizo: waigizaji wenye mavazi ya zamani, meli za kuigiza, kasha unalolirusha baharini likiwa limefungwa kamba ili livutwe tena kwa kundi linalofuata. Watoto wanafurahi sana. Mtu mzima anapata kuliona kasha moja linaloaminika kuwa la usiku ule, ila kasi ya ziara haiachi nafasi ya maswali. Wenye bajeti ndogo wabaki Old South.

Baada ya chai, mstari una pengo kubwa kuliko yote, na hapo ndipo manung'uniko yalipogeuka vita. Adhabu ya 1774 haikuwa kufunga bandari ya Boston tu. Sheria nyingine ilibadili katiba ya Massachusetts: baraza likawa la kuteuliwa na mfalme, na mikutano ya wanavijiji ikahitaji ruhusa ya gavana. Mkulima wa bara ambaye chai haikumhusu sasa alinyang'anywa mkutano wa kijijini kwake. Septemba 1774 wanamgambo zaidi ya 4,000 walijipanga barabarani Worcester wakazuia mahakama kufunguliwa. Jimbo likaunda bunge lake la kando, likaanza kukusanya baruti na mizinga, na Jenerali Gage, kamanda wa jeshi la Uingereza na gavana mpya, akawa na kazi ya kuvizia maghala. Hakuna kituo kinachosimulia haya vizuri. Soma kabla ya kwenda, la sivyo taa za Old North Church zitakuwa hadithi tu ya Paul Revere kupanda farasi usiku kuwaonya wenyeji.

Old North ni kanisa la 1723, lina kiingilio, na taa mbili zilizowashwa mnarani usiku wa 18 Aprili 1775 zilimaanisha askari wa Uingereza wanavuka kwa maji. Walikuwa kama 700, wakielekea kwenye ghala la silaha la Concord. Ukiwa jirani ingia makaburi ya Copp's Hill, alikozikwa Prince Hall, kiongozi wa Waafrika huru wa Boston. Faneuil Hall nayo, inayoitwa kitovu cha uhuru, ilijengwa kwa fedha za Peter Faneuil, mfanyabiashara aliyeshiriki biashara ya watumwa.

Kwa Bunker Hill, upande wa Charlestown, jiandae kimwili. Mnara una ngazi 294 na hauna lifti. Hauna kiingilio, lakini hufungwa hali ya hewa ikichafuka. Pigano la 17 Juni 1775 lilipiganwa hasa kwenye kilima hiki, Breed's Hill, na Waingereza walikitwaa kwa gharama ya askari zaidi ya 1,000 waliouawa au kujeruhiwa. Manowari ya USS Constitution, kituo jirani, iliteremshwa majini 1797. Ni nzuri kuitazama, ila haihusiki na swali hili. Ukiipanda, chukua kitambulisho chenye picha.

Ziara ya kulipia yenye kiongozi aliyevaa kikale huchukua kama saa moja na nusu na kwa kawaida huishia Faneuil Hall, kwa hiyo Old North na Bunker Hill utajipeleka mwenyewe. Majira ya baridi theluji huufunika mstari, hapo simu yenye ramani inasaidia. Mawe ya North End hayapatani na viatu vya kisigino. Kwa mpangilio wetu tenga siku nzima, na kutoka Charlestown rudi na boti ya abiria hadi Long Wharf badala ya kutembea tena darajani. Lexington na Concord, ambako mapigano ya kwanza yalitokea, ni safari ya siku ya pili: treni ya Fitchburg kutoka North Station inashusha Concord, na daraja la North Bridge liko zaidi ya kilomita 2 kwa miguu kutoka kituoni.